Istilahi za pampu za viwandani na sili za kimakanika: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kuna haja gani ya kuhangaikia istilahi, ilhali fundi mzoefu akikiona kifaa anakijua?

Anakijua akiwa amekishika mkononi. Shida huanza pale kifaa kinapokuwa hakipo mbele ya wote wanaokizungumzia: mhandisi yuko ofisini, fundi yuko kwenye chumba cha pampu, mnunuzi anaandika oda, na muuzaji yuko mbali na wote watatu. Kinachosafiri baina yao ni neno peke yake, na neno likiwa legelege, kifaa kitakacholetwa kitakuwa kingine. Niliwahi kuagiza "sili ya milimita 35" kwa ajili ya pampu iliyokuwa imesimama, na baada ya siku kadhaa ikaletwa oili sili ya milimita 35, ile ya mpira yenye mdomo inayokaa kwenye hausingi ya beringi. Muuzaji alileta kile hasa kilichoandikwa, na pampu ikaendelea kusimama kwa sababu ya neno moja lililobeba maana mbili. Ndiyo maana katika majibu yafuatayo nimeshika kanuni moja: kila kifaa kina jina moja, na jina hilo halipewi kifaa kingine.

Gasketi, oringi, oili sili, pakingi na sili ya kimakanika vinatofautianaje?

Vyote vinazuia mvujo, na kwa sababu hiyo katika mazungumzo ya karakana vyote huishia kuitwa "sili". Tofauti yao iko katika mwendo wa sehemu vinazoziba. Gasketi hubanwa kati ya nyuso mbili zisizosogea, kama flenji mbili za bomba. Oringi ni pete ya mpira ambayo ukiikata unaona duara. Hukaa ndani ya mfereji wake na hutumika zaidi mahali palipotulia au penye mwendo mdogo. Oili sili ina mdomo wa mpira unaogusa shafti inayozunguka, lakini imekusudiwa kuzuia oili ya beringi isitoke na vumbi lisiingie, wala aina ya kawaida haiwezi kustahimili shinikizo la pampu. Pakingi ni kamba iliyosukwa, ambayo hukatwa vipande, ikazungushwa kwenye shafti ndani ya boksi la pakingi, kisha ikabanwa na glandi, yaani kipande kinachokazwa ili kuisukuma ndani. Sili ya kimakanika, ambayo mafundi wengi huiita "mekaniko sili", huziba kwa nyuso mbili bapa zinazotazamana, moja ikizunguka pamoja na shafti na nyingine ikiwa imetulia.

Katika maandishi, napendekeza neno "sili" likisimama peke yake lihifadhiwe kwa sili ya kimakanika, na litumike hivyo baada tu ya jina kamili kutajwa mara ya kwanza.

Sehemu kuu za pampu ya sentrifugali zinaitwaje, na kila moja inafanya nini?

Kimiminika huingia katikati ya impela, yaani gurudumu lenye mabawa, mahali paitwapo jicho, kisha mabawa ya impela hukirusha kuelekea ukingoni kikiwa na kasi kubwa. Kesingi, ambayo katika pampu nyingi ina umbo la konokono linalopanuka kidogo kidogo, hupunguza kasi hiyo na kuigeuza kuwa shinikizo. Shafti hubeba impela, beringi hubeba shafti, na kaplingi huunganisha shafti ya pampu na ya mota. Kati ya impela na kesingi kuna pete za kuchakaa, zinazopunguza kimiminika kinachorudi kutoka upande wa kusukuma kwenda upande wa kuvuta. Jina hilo linazistahili kabisa, kwa kuwa zimewekwa ili zilike zenyewe na kuinusuru kesingi na impela, ambazo ni ghali zaidi. Mahali shafti inapotokea nje ya kesingi ndipo penye chemba ya sili, na kama pampu inatumia pakingi, pahali hapo panaitwa boksi la pakingi.

Je, pampu zote za viwandani ni za sentrifugali?

La. Kundi la pili kubwa ni pampu za ujazo, ambazo hunasa kiasi fulani cha kimiminika na kukisukuma mbele kwa kila mzunguko au kila pigo: pampu za gia, za skrubu, za pistoni na za diaframu. Mtu anayeandika maelekezo lazima ataje kundi, kwa sababu tendo lile lile lina matokeo tofauti. Ukifunga valvu ya kutolea kwenye pampu ya sentrifugali, shinikizo hupanda hadi kiwango chake cha mwisho na kusimama hapo, ingawa kimiminika kilicho ndani kitaendelea kupata joto. Ukiifunga kwenye pampu ya ujazo, shinikizo huendelea kupanda hadi mota ishindwe au kitu kipasuke, isipokuwa kama kuna valvu ya usalama ya kulipunguza.

Kwa nini watengenezaji huandika hedi kwa mita badala ya kuandika shinikizo?

Hili ndilo swali linalowachanganya watu kuliko mengine yote, na kosa lake ni la gharama kubwa. Hedi ni kipimo cha nishati ambayo pampu inakipa kila kipande cha kimiminika kulingana na uzito wake, na huandikwa kama kimo ambacho kimiminika hicho kingepandishwa. Impela yenye kipenyo fulani, ikizunguka kwa kasi fulani na ikipitisha mtiririko fulani, hutoa hedi ile ile kwa maji, kwa petroli au kwa asidi, mradi mnato hautofautiani sana. Shinikizo, kinyume chake, hubadilika kulingana na densiti.

Tuchukue pampu inayotoa hedi ya mita 50. Ikisukuma maji, geji itaonyesha ongezeko la takribani bari 4.9. Ikisukuma petroli yenye densiti ya 0.74 ikilinganishwa na maji, geji itaonyesha takribani bari 3.6, na ikisukuma asidi ya salfuriki nzito yenye densiti ya 1.84, itakaribia bari 9. Pampu haijabadilika hata kidogo. Fundi asiyetofautisha hedi na shinikizo ataiona bari 3.6 kwenye pampu ya petroli, atahukumu kwamba impela imelika, ataifungua pampu, na ataikuta nzima. Kilichobadilika pamoja na shinikizo ni nguvu inayodaiwa kwa mota, kwa hiyo mota iliyochaguliwa kwa kusukuma maji italemewa ikipewa asidi hiyo.

Baadhi ya waandishi hutumia "kimo" badala ya "hedi". Neno hilo ni zuri na linaeleweka, lakini linagongana na kimo cha tangi na kimo cha bomba, ambavyo mara nyingi huonekana katika hesabu ile ile. Nimeona hesabu tatu tofauti zikiitwa "kimo" kwenye karatasi moja, kwa hiyo nabaki na hedi.

NPSH ni nini, na kwa nini kuna mbili?

NPSH ni ziada ya nishati iliyopo kwenye mdomo wa kuvutia, juu ya ile inayohitajika kuzuia kimiminika kisigeuke mvuke, nayo hupimwa kwa mita kama hedi. Herufi hizo, zinazotokana na Kiingereza "net positive suction head", zimezoeleka kila mahali, nami siziwekei jina jingine. Jambo la lazima ni kusema ni ipi kati ya mbili inayozungumziwa. NPSH iliyopo hutokana na mfumo: shinikizo lililo juu ya kimiminika tangini, kimo cha tangi ukilinganisha na pampu, upotevu ndani ya bomba, na shinikizo la mvuke la kimiminika kwa joto lake. NPSH inayohitajika hutokana na pampu yenyewe na husomwa kwenye mchoro wa mtengenezaji.

Kuna jambo ambalo jina "inayohitajika" hulificha. Kwa desturi ya vipimo, thamani hiyo ni ile ambayo hedi ya pampu tayari imeshuka kwa asilimia 3 kwa sababu ya viputo. Pampu iliyopewa kiasi hicho tu, bila nyongeza, tayari ina kavitesheni ndani yake, jambo linaloelezwa katika swali linalofuata. Kwa hiyo iliyopo lazima izidi inayohitajika kwa kiasi cha kutosha, na ripoti inayosema tu kwamba "NPSH ni mita 4" haijasema lolote la kufanyia kazi.

Kavitesheni ni sawa na kuingia kwa hewa?

Si sawa, ingawa kelele zake huweza kufanana. Kavitesheni ni kimiminika chenyewe kuchemka mahali penye shinikizo dogo karibu na jicho la impela, kisha viputo vya mvuke kuporomoka ghafla vinapofika penye shinikizo kubwa. Kuporomoka huko hugonga chuma mithili ya nyundo ndogo zisizohesabika, na baada ya muda mabawa ya impela hubaki na vishimo vingi kama sifongo. Sauti yake ni kama ya changarawe ndani ya kesingi. Hewa, kwa upande wake, hutoka nje ya mfumo, kwa mfano kupitia kiungo cha bomba la kuvuta kisichobanwa sawasawa, nayo haigeuki kimiminika inapobanwa. Hupunguza mtiririko, na ikizidi, pampu huacha kuvuta kabisa. Tiba zake ni tofauti, kwa hiyo ni vibaya kuandika "pampu ina hewa" wakati kinachoonekana ni vishimo kwenye impela.

Pakingi ikidondosha maji, je, imeharibika?

Hapana. Pakingi inapaswa kudondosha, kwa kuwa matone hayo ndiyo yanayoilainisha na kuipoza. Anayeikaza glandi hadi matone yakome anaiunguza pakingi na kuichimba slivu, yaani bomba jembamba linaloikinga shafti. Napendekeza maneno mawili yatenganishwe: "mdondoko" kwa matone ya kawaida ya pakingi, na "mvujo" kwa kimiminika kinachotoka pasipostahili.

Sehemu za sili ya kimakanika zinaitwaje?

Moyo wa sili ni nyuso mbili: uso unaozunguka na uso tuli. Wapo wanaoziita "kaboni" na "seramiki" kwa kuangalia mata zilizozoeleka, na jina hilo linafaa hadi siku utakapokutana na sili ambayo kaboni ndiyo iliyotulia, au ambayo nyuso zote mbili ni silikoni kabaidi. Ni salama zaidi kutaja kazi kwanza na mata baadaye: "uso unaozunguka, wa kaboni".

Nyuso hizi hulainishwa na utando wa kimiminika wenye unene wa takribani mikroni moja au pungufu, yaani mwembamba mara nyingi kuliko unywele. Kwa hiyo neno "bapa" hapa halina maana ya kawaida. Ubapa wa uso hukaguliwa kwa kuweka kioo cha kupimia juu yake chini ya taa ya heliamu, ambapo mistari ya mwanga huonekana, na mstari mmoja ni sawa na takribani mikroni 0.29. Uso mzuri huonyesha mistari iliyonyooka yenye nafasi sawa. Mistari ikipinda, uso umepinda. Fundi anayeweka uso huo kifudifudi juu ya benchi lenye vumbi la chuma ameuharibu kabla haujaingia kwenye pampu.

Nyuma ya uso mmoja kuna springi, moja kubwa au kadhaa ndogo, zinazohakikisha kwamba nyuso zinakutana hata pampu ikiwa imesimama. Kisha kuna viziba vya pili, kwa kawaida oringi, vinavyozuia kimiminika kisipite nyuma ya nyuso. Slivu ni bomba jembamba linalovishwa juu ya shafti ili shafti yenyewe isilike, na bamba la glandi hufunga chemba na kushika uso tuli. Sili ambayo sehemu hizi zote zimeunganishwa kiwandani na huingizwa kama kitu kimoja huitwa sili ya katriji. Sili hiyo huja na vibanio vinavyoshikilia nafasi yake wakati wa kufunga, na vibanio hivyo lazima viondolewe kabla ya kuwasha pampu. Katika maelekezo, sentensi hiyo inastahili kusimama peke yake.

Sili ya mvukuto ni ipi?

Katika sili ya kusukumwa, oringi iliyo nyuma ya uso husogea juu ya slivu kadiri uso unavyochakaa. Ikikwama kwa uchafu au masizi, nyuso huachana. Sili ya mvukuto haina oringi inayosogea: badala yake kuna mikunjo ya chuma au mpira inayojikunja na kujikunjua kama mvukuto wa mhunzi. Mvukuto wa chuma hufanya kazi ya springi pia, nao hupendelewa mahali penye joto kali.

Kusema sili "imesawazishwa" kuna maana gani? Je, ni sawa na kusawazisha impela?

Hapana, na hapa lugha inatutega. Impela husawazishwa uzito ili isitetemeke. Sili husawazishwa shinikizo: umbo lake hupangwa ili eneo ambalo kimiminika kinausukumia uso kwenye mwenzake liwe dogo kuliko eneo la mgusano wenyewe. Uwiano wa maeneo hayo ukiwa chini ya 1, sili imesawazishwa. Ukiwa 1 au zaidi, haijasawazishwa, na shinikizo kubwa litazibana nyuso hadi utando uliozilainisha upotee. Ili kuepuka utata, andika "sili iliyosawazishwa shinikizo".

Sili pacha na sili mbili zilizofuatana zinatofautianaje, na vipi kuhusu kimiminika kilicho kati yake?

Majina ya zamani yalitokana na namna sili zilivyopangwa: mgongo kwa mgongo, uso kwa uso, au moja nyuma ya nyingine. Kiwango cha API 682, cha Taasisi ya Petroli ya Marekani kuhusu sili za pampu, ambacho toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1994, kiliwasaidia watu kuhama kutoka kwenye mwonekano kwenda kwenye kazi. Katika utaratibu wake, Mpangilio wa 1 ni sili moja, Mpangilio wa 2 (zile zilizoitwa sili zilizofuatana) ni sili mbili ambazo kimiminika kilicho kati yake kina shinikizo dogo kuliko chemba ya sili, na Mpangilio wa 3 (zile zilizoitwa sili pacha) ni sili mbili ambazo kilicho kati yake kina shinikizo kubwa kuliko chemba.

Kwa sababu hiyo tunahitaji majina mawili, na kuyachanganya ni hatari. Katika Mpangilio wa 2 nakiita "kimiminika cha akiba", kwa kuwa kinapokea kile kinachovuja kutoka kwenye sili ya ndani. Katika Mpangilio wa 3 nakiita "kimiminika cha kinga", kwa kuwa chenyewe ndicho kinachovuja kuelekea ndani ya pampu, na bidhaa haipati njia ya kutoka. Ikiwa bidhaa ni ya sumu, mtu aliyesoma neno moja badala ya jingine atadhani amelindwa na shinikizo ambalo halipo.

Namba kama Plani 11 au Plani 53 zina maana gani?

Ni namba za mipangilio ya mabomba inayohudumia sili, na faida yake ni kwamba zinasomeka sawa katika kila lugha. Plani 11 huchukua kimiminika upande wa kusukuma na kukipitisha kwenye tundu dogo hadi kwenye chemba ya sili. Plani 13 hukitoa kwenye chemba na kukirudisha upande wa kuvuta. Plani 23 hukizungusha kati ya chemba na kipozeo. Plani 32 huleta kimiminika safi kutoka nje. Plani 52 ina tangi la kimiminika cha akiba lisilo na shinikizo, na Plani 53 ina kimiminika cha kinga kilichowekewa shinikizo. Usizitafsiri, andika namba, kisha eleza kwa sentensi moja.

Je, inatosha kuandika "oringi ya mpira"?

Haitoshi kabisa, kwa kuwa mpira una aina nyingi, na kila aina hutajwa kwa herufi zake. NBR hustahimili oili nyingi za madini, lakini si joto kali. EPDM hufaa maji ya moto na mvuke, lakini huvimba ikiguswa na oili ya petroli, hata grisi ya kawaida aliyoipaka fundi kwa nia njema wakati wa kufunga. FKM huvumilia joto na mafuta, lakini kwa kawaida haifai kwa mvuke. Zote tatu zaweza kuwa nyeusi na zenye kipimo kimoja, na ukiziweka mezani jicho halitazitenganisha. Herufi hizo ni sehemu ya jina la kifaa.

Kanuni hii inahusu nyuso pia. Silikoni kabaidi ina aina zaidi ya moja, na ile yenye silikoni huru ndani yake huliwa na alkali kali.

Niandike nini ninapoagiza sili?

Kipenyo cha shafti au slivu mahali sili inapokaa, kwa milimita. Jina la kimiminika, joto lake, na kama kina chembe ngumu. Shinikizo ndani ya chemba ya sili, ambalo si lazima liwe sawa na lile la kutolea. Kasi ya mzunguko. Mata za nyuso na za oringi. Na vipimo vya chemba. Ongeza mwelekeo wa mzunguko, kwa sababu sili zenye springi moja ya umbo la koni hutegemea mwelekeo huo. Unapouandika, sema ulikuwa umesimama upande gani: mzunguko wa kulia ukitazama kutoka kwenye mota ni wa kushoto ukitazama kutoka upande wa pili.

Katika ripoti ya hitilafu, niandike nini badala ya "sili imekufa"?

Andika ulichokiona, kabla ya kuandika unachokidhani. Shika uso mgumu kwenye mwanga na utafute alama ya msuguano iliyoachwa na uso laini. Alama yenye upana sawa na uso huo laini, tena iliyozunguka duara lote, inaonyesha kwamba nyuso zilikutana vizuri, na mvujo ulipita penginepo, labda kwenye oringi. Alama pana kuliko uso huo inaonyesha kwamba shafti ilikuwa ikiyumba: kaplingi haikulinganishwa, beringi imelika, au pampu ilikuwa na kavitesheni. Nyufa ndogo zinazotoka katikati kwenda ukingoni ni dalili ya joto, mara nyingi kwa sababu sili ilisuguana kavu. Oringi iliyokauka na kukatika inasimulia joto, na iliyovimba inasimulia kemikali isiyoiafiki.

Mfano wa maneno yanayotosha ni huu: "Uso tuli wa silikoni kabaidi una alama pana kuliko uso unaozunguka, oringi za FKM ni laini na nzima, slivu imechimbika chini ya oringi inayosogea." Nyuso zote mbili zifungwe kwenye mfuko mmoja zikiwa na uchafu wake bila kuoshwa, na mfuko uandikwe namba ya pampu na tarehe, kwa kuwa masizi au chumvi iliyoganda upande wa hewa ni ushahidi ambao kitambaa chenye dizeli huuondoa kwa pigo moja.